Kiti kinapendeza, lakini hakikaliki

Swali: Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, kozi ya usanifu wa fanicha, katika chuo cha ufundi hapa Nairobi. Mradi wa muhula huu ni kiti cha mbao cha kupumzikia, kile cha kukalia jioni ukiwa umechoka, si cha mezani. Nimechora michoro minne. Mwalimu wa darasa aliitazama akasema, "Vinapendeza, lakini havikaliki," akapita. Nimebakiwa na wiki tisa. Pesa yangu ni ya mbao za kawaida, mvuli siuwezi, na mashine za karakana tunazigombania. Nianzie wapi? Na mgongo wa kiti nitaufungaje usije ukang'oka mtu akiegemea?

Jibu: Mwanangu, michoro uliyonitumia nimeitazama mara mbili. Yote minne umeichora kutoka mbele, kidogo kwa juu, vile fanicha inavyopigwa picha za kuuzia. Hakuna hata mmoja uliochorwa kwa ubavu. Nadhani hapo ndipo mwalimu wako alipokwama, maana na mimi nimekwama hapo hapo. Ukikitazama kiti kwa mbele unaiona sura yake. Ukikitazama kwa ubavu ndipo unapomwona mtu aliyekikalia: magoti yako wapi, kiuno kimeshikwa na nini, kichwa kinaangukia wapi.

Kuna viti vilivyoundwa ili vitazamwe, na si dhambi. Kiti cha enzi cha Lamu, kile cha mpingo chenye nakshi za pembe na kikalio cha kamba zilizosukwa, kilikuwa cha kumketisha mgeni wa heshima, naye alitakiwa akae wima, aonekane ameketi. Hakuna aliyetarajiwa kusinzia juu yake. Wewe umeagizwa kitu cha upande mwingine kabisa. Kiti cha mezani kinaweza kusamehewa kosa la nyuzi tatu nne za pembe kwa sababu mtu anakula, anainuka. Cha kupumzikia kinakaliwa saa nzima, na kosa hilo hilo litauma.

Basi michoro hiyo iweke kando kwa sasa. Usiitupe, utairudia ukishapata namba zako.

Namba za kuanzia nakupa zangu. Ukingo wa mbele wa kikalio uwe sentimita 40 kutoka sakafuni, na nyuma, pale kikalio kinapokutana na mgongo, 32. Kina cha kikalio kiwe 50. Kushuka sentimita 8 katika kina cha 50 ni mteremko wa kama nyuzi 9. Kati ya kikalio na mgongo weka pembe ya nyuzi 105. Ukijumlisha na ule mteremko, mgongo utakuwa umelala nyuzi 24 kutoka wima. Upana wa ndani sentimita 56. Mikono ya kiti iwe kama 57 au 58 kutoka sakafuni, ili kiwiko kitue bila bega kuinuka. Urefu wa mgongo ni uamuzi wako: ukiishia chini ya mabega, 45 zinatosha, ukitaka kichwa nacho kipumzike, nenda 65 na zaidi. Ila mgongo ukiulaza kupita nyuzi 30, shingo itadai pa kuegemea, hilo halina mjadala.

Namba zote hizo ni za mtu akiwa ameshakaa juu ya mto. Sponji ya sentimita 10 inabonyea, tatu au nne hivi, kutegemea ugumu wake na uzito wa mtu. Wanafunzi wengi hupima mbao, wakamaliza kiti, ndipo wanaongeza mto juu, na kiti kinakuwa kirefu hadi miguu ya mtu mfupi inaning'inia. Nenda ununue sponji kwanza, au uazime, ukae juu yake ukiwa na rula.

Sasa, namba zangu ni za miili niliyoipima mimi. Zako utazipata kwa kiti cha majaribio, na hapa nakuomba usiruke. Tafuta paleti kuukuu Industrial Area, au vipande vilivyotupwa karakanani. Unga mbao upate paneli mbili, moja ya kikalio na moja ya mgongo, uziunganishe kwa bawaba mbili za mlango. Kikalio kiweke juu ya kreti za soda mbele na matofali nyuma, ili uweze kuongeza na kupunguza. Mgongo ushikilie kwa kamba mbili zinazotoka juu yake hadi ukingo wa mbele wa kikalio; ukizilegeza mgongo unalala, ukizivuta unasimama. Kitakuwa kibaya cha kuchekesha. Kiache kichekwe.

Halafu tafuta watu. Usikae wewe peke yako, na usiwachukue wanadarasa watatu wa umri wako na kimo chako. Mwite askari wa geti, mwite mama wa kantini, mtafute yule mrefu anayecheza mpira wa vikapu. Kila mmoja akae dakika 20 na simu yake, na wewe usimuulize kama anasikia raha, kwa sababu atakujibu kwa adabu. Mtazame. Akianza kuteleza mbele na kujirudisha nyuma kila baada ya dakika chache, mteremko wa kikalio haumtoshi. Akipachika mkono au jaketi nyuma ya kiuno, mgongo haujamshika panapohitajika, na hapo ni kama sentimita 20 juu ya kikalio. Akikunja mguu mmoja chini yake, au akisogea hadi ukingoni, kina kimezidi: nyuma ya goti pabaki nafasi ya vidole vinne kabla ya kufika ukingo wa kikalio. Na akitaka kuinuka akahitaji kujirusha mara mbili, kiti kiko chini mno au mikono yake haifiki mbele ya kutosha. Hilo la mwisho walipime wazee. Nyanya yako akishindwa kutoka kwenye kiti chako, hicho si kiti cha kupumzikia, ni mtego.

Nikueleze kwa nini naushikilia huo mteremko. Nilipokuwa mwanagenzi kwenye kibanda kimoja kando ya Ngong Road, nilipewa kuunda viti viwili vya veranda. Nilijua mgongo lazima ulale, nikaulaza vizuri. Kikalio nikakiacha sawa kama meza, kwa sababu pembe mraba ilikuwa rahisi kukata. Mteja alikuja, akakaa, akaegemea, akateleza. Akajirudisha, akateleza tena. Akaniambia, "Fundi, hiki kiti kinanimwaga." Alikuwa sahihi kabisa. Mgongo uliolala unausukuma mwili mbele, na kama kikalio hakijainuka mbele kuuzuia, hakuna kinachouzuia ila nguo na miguu ya mtu. Vile viti nilivirekebisha kwa kukata miguu ya nyuma, na tangu siku hiyo mgongo na kikalio kwangu ni kitu kimoja: ukigusa pembe ya mmoja, umegusa ya mwingine.

Pembe hizi si anasa. Alvar Aalto wa Ufini, alipokuwa akisanifu hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu mjini Paimio, aliunda kiti cha mbao iliyopindwa, mwaka 1932 hivi, na mgongo wake aliulaza akifikiria mgonjwa anavyovuta pumzi. Kinatazamwa kama sanaa leo, lakini kilianza na kifua cha mtu.

Ukishakubaliana na kiti chako cha majaribio, chukua hadibodi au bapa la maboksi uchore ubavu wa kiti kwa ukubwa wake halisi, moja kwa moja. Usiweke mchoro wa kipimo kidogo hapo, wala wa kompyuta peke yake. Ule mkubwa ndio utakaoulalishia mbao na kuhamisha pembe bila hesabu.

Sasa swali lako la pili, la mgongo kung'oka. Michoro yako mitatu kati ya minne ina nguzo za mgongo zinazoingia kwenye reli ya kikalio kwa kiungo kimoja, na hakuna kingine kinachozishika. Tufanye hesabu ya haraka. Mtu akiegemea anasukuma, tuseme, kwa kilo 25, na msukumo huo uko kama sentimita 45 juu ya kiungo. Zidisha: 1,125. Kama reli yako ina kimo cha sentimita 6, kiungo kinatakiwa kupinga mzunguko huo wote ndani ya sentimita 6, yaani karibu kilo 190 zinazovuta juu ya ulimi, ile ncha ya mbao inayoingia kwenye tundu la kiungo, na kukandamiza chini yake. Hiyo ni kuegemea kwa utulivu. Mtu akijitupa, hesabu nyingine. Gundi itastahimili mwezi, miwili, kisha utasikia mlio mdogo, na baada ya mlio huo kiti hakitarudi tena.

Dawa si gundi kali zaidi wala skrubu ndefu zaidi. Dawa ni kuupa mgongo vituo viwili vilivyoachana. Na kuna njia ya kufanya hivyo ambayo pia itakuokoa kukata viungo vya pembe za ajabu, jambo ambalo kwa mwaka wa pili na mashine za kugombaniwa nisingekushauri.

Mwaka 1918 Gerrit Rietveld, Mholanzi aliyekuwa mtoto wa seremala na seremala mwenyewe, aliunda kiti ambacho baadaye, mnamo 1923, kilipakwa rangi na kujulikana kwa wekundu na bluu yake. Watu hukumbuka rangi. Mimi hukumbuka kwamba fremu yake yote ni vijiti vilivyonyooka vinavyokutana kwa pembe mraba, na vitu viwili tu vimeinama: ubao wa kikalio na ubao wa mgongo, vimelazwa ndani ya fremu hiyo. Kukikalia si raha sana, tuwe wakweli. Lakini wazo lake la ujenzi ni zawadi kwa mwanafunzi.

Fanya hivi. Unda fremu mbili za ubavu, kila moja ikiwa na mguu wa mbele, mguu wa nyuma, mkono wa kiti juu na reli moja chini, kimo cha sentimita 15 au 20 kutoka sakafuni. Kila kiungo ni pembe mraba. Kisha ziunganishe fremu hizo mbili kwa reli tatu za kukingama: moja mbele chini ya ukingo wa kikalio, moja nyuma chini ya kikalio, na ya tatu nyuma ya mgongo, kwenye kimo cha mikono. Paneli ya kikalio inalala juu ya reli ya mbele na ya nyuma, na kwa sababu moja iko juu na nyingine chini, mteremko wa nyuzi 9 unajitokeza wenyewe bila kukata ulimi mmoja kwa mshazari. Paneli ya mgongo inasimama kwenye reli ya chini na kuegemea ile ya tatu.

Angalia vile namba zinavyokubali. Kwa mgongo uliolala nyuzi 24, ukifika kimo cha mikono utakuwa umerudi nyuma kama sentimita 11 kutoka pale ulipoanzia. Ukiongeza 50 za kikalio, reli ya tatu inaangukia sentimita 61 nyuma ya ukingo wa mbele, kwa hiyo mguu wa nyuma unasimama kwenye 65 hivi. Bila kupanga, umepata mguu uliokaa sentimita 15 nyuma ya makalio ya mtu, ambao ndio unaozuia kiti kupinduka kinyumenyume. Na ule msukumo wa kilo 25? Vituo vya mgongo sasa vimeachana sentimita 27 badala ya 6. Reli ya tatu inapokea kama kilo 42, tena inasukumwa tu, hakuna ulimi unaochokonolewa. Nguzo za paneli ya mgongo ziweke kwa ukingo, upande mpana ukitazama kushoto na kulia kwa kiti, zisipinde.

Fremu za ubavu zifunge kwa tundu na ulimi, na gundi. Reli tatu zifunge kwa bolti. Sababu yangu ya kwanza ni ya kiufundi: ukigundua kosa unaweza kufungua. Ya pili ni ya Nairobi. Siku ya maonyesho utahitaji kukisafirisha, na kondakta wa matatu ana bei yake kwa kila kitu kisichokunjika. Kiti cha bolti kinakuwa fremu mbili bapa, reli tatu na paneli mbili, furushi moja la kufungwa kwa blada, ile kamba ya mpira.

Bolti ya milimita 8 yenye urefu wa milimita 100 inapita katikati ya mguu na kuingia kwenye kichwa cha reli. Ndani ya reli, upande usioonekana, chimba kitundu kwa patasi cha kufichia nati na washa yake. Tundu la bolti litoboe kwenye mguu kwanza, kisha ulitumie kuongoza keekee ndani ya reli, la sivyo havitaonana. Kando ya kila bolti weka kijiti kimoja kifupi cha mbao bila gundi, ili reli isizunguke. Vichwa vya bolti viache vionekane. Vikipangwa kwa mstari vinapendeza kuliko vile viplastiki vya kuvifunika.

Sasa mbao, na hapa nina neno ambalo pengine ungelitaka mwanzoni: zinunue wiki hii. Kabla hata ya kumaliza kiti cha majaribio. Kwa mfumo niliokueleza unajua tayari utahitaji mbao za nchi 2 kwa 2 kwa miguu, 3 kwa 2 kwa reli, 4 kwa 1 kwa mikono na paneli. Wakati wewe unahangaika na kreti za soda, mbao zinakauka ndani ya karakana. Mbao za yadi nyingi za Gikomba huja zikiwa na maji, na muuzaji atakuapia kuwa ni kavu kwa sababu kwake kavu maana yake haidondoki.

Usibishane naye, pima. Kata kipande kidogo, si cha mwisho wa ubao bali futi moja ndani, ukipime kwenye mizani ya jikoni inayosoma gramu. Kikaushe kwenye oveni kwa moto wa nyuzi mia moja hivi, ukipime kila baada ya saa, hadi uzito uache kupungua. Tofauti igawe kwa uzito mkavu. Kilichoingia na gramu 230 kikatoka na 200 kilikuwa na maji asilimia 15. Ndani ya nyumba za Nairobi mbao hutulia karibu na 12, zikipanda kidogo mvua za masika na kushuka Januari na Februari. Ukipata 15 au 16, zipange karakanani na vijiti vya kuzitenganisha katikati, hewa ipite, na baada ya wiki tatu nne utakuwa pazuri. Ukipata 25, rudisha au tafuta kwingine, wiki tisa hazitakutosha: mbao ya unene wa nchi moja iliyokatwa mbichi huhesabiwa karibu mwaka mzima kukaushwa kwa hewa.

Aina? Mvuli sikuonei huruma kuukosa. Ni mbao nzuri, lakini ni ghali, vumbi lake linachokoza pua na macho, na mara nyingine ndani yake kuna vijiwe vya chokaa vinavyovunja meno ya msumeno. Tangu serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi wa Februari 2018, mafundi wengi wamezoea miti ya mashambani, na humo kuna mbao ambazo wasanifu wa jiji huzidharau bure. Chaguo langu kwako ni mgrevilea, ule mti wa mipakani na wa kivuli cha kahawa kule Murang'a, Embu na Meru. Ukipasuliwa kwa upande ufaao unatoa madoadoa yanayong'aa kama magamba ya samaki. Ni mgumu wa kutosha kwa viungo na haujivuni bei. Vaa barakoa ukiutia msasa, na mikono mirefu kama ngozi yako ni nyepesi kuwashwa, kwa sababu watu wengine huwawasha.

Saipresi ni chaguo la pili. Inarandika vizuri na inapatikana kila yadi, ila ni laini: ongeza unene wa ulimi, na ukague mafundo. Fundo la ukubwa wa shilingi katikati ya mkono wa kiti ni pambo. Fundo hilo hilo kwenye ulimi ni kuvunjika. Mkalitusi nakuomba uuache. Una nguvu, lakini hupinda na kupasuka ukikauka, na utajifunza hilo wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho.

Pale yadi, inua kila ubao, weka jicho kwenye ncha moja utazame kama unalenga bunduki. Uliojisokota uache, hata ukipewa bure, maana uliopinda unarandika lakini uliojisokota unarudi. Epuka ubao wenye kiini cha mti ndani yake. Kumbuka pia wao wanaongea nchi na futi, mchoro wako unaongea milimita, na 2 kwa 2 ikishapita kwenye mashine ya kuranda haibaki 50: hesabu 44 au 45. Nunua asilimia 25 zaidi ya orodha yako ya vipande. Malipo ya kuranda waulize kabla hawajawasha mashine.

Kuhusu viungo nitakuwa mfupi, najua mnafundishwa. Unene wa ulimi ni theluthi ya unene wa mbao, urefu wake usipungue milimita 30. Weka alama kwa kisu, si penseli. Kata matundu kwanza, kisha ulimi uufuate tundu, kwa sababu kupunguza ulimi kwa randa au patasi ni rahisi kuliko kurekebisha tundu. Uingie kwa kusukuma kwa mkono na kugongwa kidogo na nyundo ya mbao. Ukihitaji kupigwa sana, tundu litapasuka, na ukianguka wenyewe, gundi haitajaza pengo. Miguu yote minne iweke alama ya ndani, nje, juu, chini. Nimeshawaona wanafunzi hodari wakiishia na miguu mitatu ya kulia.

Klampu za chuo hazitawatosha wote wiki ya saba, nakuhakikishia. Chukua tyubu kuukuu ya baiskeli, ikate mikanda mirefu ya upana wa vidole viwili, uizungushe kwenye fremu ukiivuta kila mzunguko. Mizunguko sita saba inabana kwa nguvu ambayo itakushangaza. Weka vipande vya kadibodi pembeni isiache alama. Kabla ya gundi funga kila kitu kikiwa kikavu, na upime diagonali mbili za fremu: zikilingana, fremu iko mraba. Baada ya gundi zipime tena mara moja, ukiwa bado na dakika kumi za kusukuma. Gundi iliyofura nje usiipanguse ikiwa maji. Ngoja iwe kama ugali uliopoa, uiondoe kwa patasi.

Kikalio chenyewe kinaweza kuwa fito, kamba ya katani iliyosukwa, au mikanda ya mpira chini ya sponji. Fito ndizo nafuu, na nafasi ya sentimita mbili kati yake inatosha. Ukingo wa fito ya kwanza mbele uuzungushe hadi uwe kama mgongo wa kijiko, maana hapo ndipo damu ya miguu hukatwa.

Msasa wa 80, 120, kisha 180, basi. Lowesha mbao kwa kitambaa chenye maji kabla ya ule wa mwisho, nyuzi za mbao zisimame, zikikauka uzikate. Kwa mgrevilea ningepaka mafuta ya kitani yaliyochemshwa, mara tatu, siku moja moja ikipita katikati. Vanishi inang'aa zaidi lakini inaficha yale madoadoa uliyoyalipia. Vitambaa vya mafuta hayo usivikunje ukavitupa kwenye pipa la karakana: vinaweza kujipasha joto hadi vikawaka moto vyenyewe. Vianike vikiwa vimetandazwa nje, au vitumbukize kwenye ndoo ya maji.

Kabla ya kukiwasilisha, mtafute mtu mzito kuliko wote unaowajua. Akae, aegemee, ajizungushe kulia na kushoto, kisha ainuke kwa kutegemea mkono mmoja tu wa kiti. Wewe piga magoti kando usikilize. Kikilia, kaza bolti kwanza ndipo uanze kushuku viungo.

Na kikitikisika sakafuni, usikimbilie kukata mguu ulioning'inia wala ule unaogusa. Kiweke juu ya kitu unachokiamini ni bapa, kama meza ya mashine ya kuranda, uweke vikabari vyembamba chini ya miguu hadi kikalio kiwe sawa kushoto na kulia. Chukua kipande cha mbao cha unene wa kile kikabari kikubwa zaidi, ulaze penseli juu yake, ukizungushe kwenye miguu yote minne ukichora mstari. Kata kwenye mstari huo, yote minne, kisha ulainishe kingo za chini zisipasuke kikiburutwa.